Komwe za Darasa la Kwanza

Walimu wenzangu vijana wameniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kufundisha hesabu darasa la kwanza. Nimekubali kwa sharti moja: nitaandika yale niliyoyaona kwa macho yangu au niliyoyashika kwa mikono yangu. Yale niliyosimuliwa nimewaachia wanaoyapenda, nao ni wengi. Vyeo na mishahara havimo humu. Vyeo vilichelewa, mishahara haikuwahi kuwahi, na sijaona mtoto aliyejifunza kujumlisha kwa sababu ya kimojawapo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule moja ya Ubena, kijiji kilicho kando ya barabara kuu ipitayo Chalinze kuelekea magharibi. Mimi ni mtu wa Bagamoyo mjini, niliyelelewa katika nyumba yenye vitabu vingi kuliko viti, na nilitoka chuoni nikiwa na alama nzuri za hisabati na maoni mazuri zaidi kuhusu nafsi yangu. Nilitarajia kukabidhiwa darasa la saba. Mwalimu mkuu alinikabidhi la kwanza. Zama zile darasa la kwanza lilichukuliwa kuwa kazi ya walimu wanawake, na mwanamume aliyepelekwa huko alidhaniwa ama ni mgonjwa, ama amekosana na mkubwa fulani.

Watoto nao walikuwa na mashaka yao. Asubuhi ile ya kwanza msichana wa dawati la mbele aliinua kidole.

"Shikamoo. Mwalimu wetu anakuja saa ngapi?"

"Marahaba. Mimi ndiye mwalimu wenu."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, pole pole, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. "Aa," akasema. "Wewe ni baba. Baba wa nani?"

Darasa zima lilitaka kujua. Iliwachukua muda kuridhika kwamba sikuwa baba wa yeyote kati yao na kwamba sikuja kumchukua mtu. Tulipotulia nilichukua chaki, nikaandika ubaoni tarakimu ya nne, kubwa na safi, nikauliza hiki ni nini.

"Kiti," alisema mtoto mmoja.

"Hapana. Tazama vizuri."

Alitazama vizuri. "Kiti kimepinduka."

Nilimweleza kuwa ile ni nne. Alinikubalia kwa adabu, kama mtu anavyomkubalia mgeni asiyeijua njia, na nilipoiandika tena mwisho wa kipindi kilikuwa bado ni kiti. Ukuta uliotutenganisha na darasa la pili haukufika kwenye paa, kwa hiyo kila neno lilisikika upande wa pili, alikokuwa akifundisha Mwalimu Mwantumu. Huyu alikuwa mama mnene, mtulivu, aliyekuwa amefundisha watoto wadogo tangu mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao. Wakati wa mapumziko alinijia.

"Nimesikia mnabishana na mtoto."

"Namwonyesha nne, yeye anasema ni kiti."

"Kiti cha namna gani?"

"Kilichopinduka."

Aliichora nne hewani kwa kidole, akainamisha kichwa upande mmoja. "Kweli kimepinduka. Basi mtoto kasema alichokiona. Wewe umemwonyesha kitu gani kingine?"

Nilimjibu kwa maneno ya chuoni kuhusu dhana na ishara. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wakaguzi wengi hawakuwahi kunifanyia, kisha akanivuta mpaka kabatini kwake. Humo mlikuwa na vifuu vya nazi, mabua ya mtama yaliyokatwa urefu sawa, vifuniko vya soda, mawe ya mtoni, na beseni la mchanga uliochekechwa. Aliweka mawe manne katika kiganja changu, akakifunga kwa mkono wake.

"Fumba macho. Yako mangapi?"

"Manne."

"Umejuaje, na ubao hauoni?"

Mafunzo yangu ya kazi yalianzia hapo. Mwalimu Mwantumu alinifundisha kwamba mtoto ashike kwanza, alinganishe kimoja kwa kimoja, ndipo atamke jina la idadi, na tarakimu ije mwisho kabisa, nayo aichore mchangani kwa kidole kabla hajapewa penseli. Haraka yoyote katika mpangilio huo hulipwa baadaye, na anayelipa ni mtoto. Alinifundisha pia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote nilichosoma, na nimesoma vingi. Mawe ya mtoni yasizidi ukubwa wa yai la njiwa, la sivyo yatatumika vitani. Vifuniko vya soda vipigwe nyundo kingo zake. Choroko, kunde na maharage visiingie darasani hata siku moja, kwa kuwa mbegu yoyote inayopita puani mwa mtoto si kifaa cha kufundishia. Hili la mwisho sikulichukua kwa kuambiwa. Nimewahi kumbeba mtoto mpaka zahanati akiwa na choroko katika pua moja, na njiani akinieleza kwa fahari kwamba katika pua ya pili hamna kitu, yaani sifuri. Alikuwa wa kwanza darasani kuielewa sifuri.

Kutoka Ubena nilihamishiwa mjini, katika kata ya Dunda. Huko nilipokewa na habari kwamba watoto wa pwani hawana hesabu kwa sababu wanapenda ngoma kupita kiasi. Nilimwuliza aliyenipa habari hiyo amewafundisha watoto wangapi wa pwani. Hakuwa amemfundisha hata mmoja. Alikuwa na duka la vifaa vya baiskeli. Nikaenda kuona mwenyewe. Nilichokiona ni watoto waliotoka madrasa wakipiga dufu kwa mpangilio usiokosea, tatu, mbili, tatu, na yeyote aliyeruka pigo moja alizomewa na wenzake wote. Nikawaweka hao kupiga meza. Upande mmoja wapige tatu, upande wa pili wapige mbili, kisha wote wapige zote kwa pamoja. Kujumlisha kuliingia kupitia viganja, na walimu wa madarasa ya jirani wakanilalamikia kwa maandishi.

Niliona pia mabinti waliokuwa wakiwasaidia mama zao kupanga vitumbua kwenye sinia. Mtoto wa miaka saba akitazama sinia anajua kwamba safu zikiwa sawa hakuna kitumbua kinachobingirika, na safu moja ikipungua mama atauliza kimeliwa na nani. Nikaomba sinia kuukuu, nikapanga vifuniko badala ya vitumbua, na kuzidisha kukaanza kwa safu, miaka miwili kabla ya muhtasari wa somo kuruhusu. Sikumwambia mtu. Watoto walidhani tunacheza mama ntilie, nami sikuwatoa katika dhana hiyo.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote kilizaliwa Dunda. Nilitaka mfuko usiopenya nuru, wenye mdomo wa kutosha mkono mmoja wa mtoto tu, ili kilichomo kihesabiwe kwa vidole bila msaada wa macho. Nilimpelekea kazi hiyo Fundi Shomari, mshoni wa kanzu, aliyekuwa na vipande vya kitambaa kizito.

"Mwalimu, mfuko huu mdomo mdogo. Utaingizaje vitu?"

"Kimoja kimoja."

"Na utatoaje?"

"Havitolewi. Vinapapaswa."

Aliacha kukanyaga cherehani. "Nimeshona suruali za maharusi, nimeshona sanda. Mfuko wa kupapasa sijawahi kuulizwa."

Alipomaliza alitaka kujua unavyotumika. Nilitia vitu saba ndani, nikamwambia aseme ni vingapi. Alitia mkono, akakunja uso, akasema sita. Nikamwambia arudie. Akasema nane. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walianza kumtania kwamba sasa wanajua kwa nini mikono ya kanzu zao hailingani, naye alikataa kuurudisha mfuko mpaka apate jibu. Alilipata, akashangilia kama aliyefunga bao, kisha akawalazimisha wateja nao wajaribu. Niliondoka pale jua limeinama, na mfuko mkononi, nikiwa na hakika kwamba kifaa kinachomzuia fundi kufanya kazi kitamzuia na mtoto kuchoka.

Ndani ya mfuko huo niliishia kutia komwe. Kwa wasiozijua, komwe ni mbegu za kijivu, ngumu kama jiwe, za mti wa miiba unaoota karibu na ufuko; wazee huzichezea bao. Ni baridi kiganjani, ni laini, hazivunjiki, hazioti ukungu, haziliwi, na ni pana mno kwa pua nilizozipima. Nimefanya kazi na vifaa vilivyoletwa kwa makasha, vya rangi nzuri, na sina neno baya juu yake isipokuwa kwamba vilipotea kwa haraka zaidi. Komwe ikipotea, mtoto anaokota nyingine akienda nyumbani.

Sasa nifike Zinga, ambako nilimalizia utumishi wangu, na ambako nilikutana na jambo lililonifikirisha kuliko yote.

Zinga nilipewa kumsaidia Mwalimu Neema, binti aliyetoka chuoni moja kwa moja, mzaliwa wa bara, mchangamfu, mwenye sauti ya kuimba na daftari lililojaa michezo. Alianza kila asubuhi kwa watoto kupanga mstari, na mtoto mmoja kupita akiwagusa wenzake vichwani na kuwahesabu kwa sauti. Ni zoezi zuri. Linatumia mkono, jicho na mdomo kwa pamoja, na watoto hulipenda kwa kuwa kila mmoja hupata nafasi ya kumpiga mwenzake kichwani kihalali.

Siku moja baada ya vipindi alinijia akiwa hana uchangamfu wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Ni Mwanahawa. Huu ni mwaka wake wa pili darasa la kwanza, na kwenye hesabu hasemi neno. Nikimpa zamu ya kuhesabu wenzake anasimama kama nguzo. Afisa elimu wa kata anakuja kuwapima mmoja mmoja. Akishindwa na safari hii, watamwandikia kwenda kitengo cha elimu maalumu mjini, akakae bwenini."

Naweka wazi hapa kwamba kitengo hicho kinafanya kazi njema kwa watoto wanaokihitaji. Lakini Mwanahawa alikuwa na miaka minane, akilelewa na bibi yake peke yake, na kumpeleka mtoto kama huyo bwenini ni jambo la kufanywa baada ya kuhakikisha, si kabla.

"Kwa maoni yako ana tatizo gani?" nikamwuliza.

Alishusha sauti. "Wanasema bibi yake alimfunga ulimi."

"Wanasema akina nani?"

"Watu."

"Watu wana majina, Mwalimu Neema. Nipe moja."

Hakuwa nalo. Nikamwambia anipe mtoto badala yake, kwa muda wa mapumziko ya uji.

Mwanahawa alikuja na kikombe chake cha uji mkononi, mtoto mwembamba mwenye macho ya kufuatilia kila kitu. Sikumwuliza swali. Nilimpa mfuko wa kupapasa. Alitia mkono, na kabla sijakaa vizuri akasema, "Tano."

Nikaongeza komwe bila yeye kuona. "Tisa."

Nikapunguza. "Umetoa tatu," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, kwa kuwa alinikamata. Tuliendelea mpaka uji wake ukapoa. Nilimwonyesha mbuzi waliokuwa wakila nyasi nyuma ya vyoo; alisema wanne, na kwamba mmoja ana mimba, jambo ambalo sikuuliza. Nilimwonyesha madirisha, madawati, viatu vilivyoachwa mlangoni, ambavyo alivihesabu kwa jozi bila kufundishwa. Mtoto huyu alikuwa na hesabu nyingi kuliko darasa zima.

"Vizuri. Na wale wenzako waliokaa kwenye msingi pale wanakunywa uji?"

Mkono ulitoka mfukoni, ukaenda kujificha nyuma ya mgongo.

"Mwanahawa?"

"Hawahesabiwi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani kasema?"

"Bibi."

Hapo nilikuwa na jina. Jioni hiyo nilikwenda kwa bibi huyo, Bi Mwanakombo, upande wa pwani ya kata, katikati ya mihogo na minazi. Nilimkuta uani ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Hodi hapa. Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwalimu. Karibu mkeka. Mwanahawa kafanya nini?"

"Hajafanya. Ndicho kilichonileta."

Nilimweleza habari ya kipimo na ya bwenini. Mikono yake ilisimama juu ya kizio cha nazi. Nikamwuliza kwa utaratibu, kama nilivyozoea.

"Nazi zako unazihesabu?"

"Nitaachaje? Mkwezi akishuka hajui kutofautisha mti wangu na wa jirani."

"Kuku?"

"Kila wakiingia bandani."

"Wajukuu?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui kuhesabu. "Mwalimu, mtu hahesabiwi. Ukimhesabu umemwita aondolewe. Wajukuu zangu nawaita majina yao jua likizama. Wakiitika wote, wamo wote, nafunga mlango. Namba ya nini?"

"Hili umelipata wapi?"

"Kwa mama."

"Na yeye?"

"Kwa mama yake."

Hapo ushahidi ulikatika, kwa kuwa mashahidi waliobaki wote wamelala makaburini. Nilijaribu njia nyingine. "Lakini, bi mkubwa, kwenye sensa si mlihesabiwa hapa?"

"Walikuja. Nikawaambia hesabuni nyinyi, mimi nitageuka. Nikageuka, nikatazama minazi mpaka wakamaliza."

Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye mpaka leo. Nina watoto sita. Nimewahesabu mara nyingi, hasa wakati wa chakula, na wote wapo na wananipigia simu wakitaka kitu. Lakini sikuwa nimekwenda pale kushinda mabishano. Nilimtazama yule mama na kuona jambo moja ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza anapaswa kulitambua: jina moja, mwitikio mmoja, mpaka yaishe, ndiyo kulinganisha kimoja kwa kimoja. Mjukuu wake alikuwa akifanyishwa hatua ya kwanza ya hesabu kila jioni. Tulichokosa ni kitu cha kushika kati ya mtoto na namba.

"Bi mkubwa, tufanye hivi. Kila mtoto akiingia darasani ashike komwe moja aitie katika chungu tutakachokiweka mlangoni. Mwanahawa ahesabu komwe za chunguni."

Alichukua kizio kingine, akakikuna chote, akakiweka.

"Komwe ya mtoto si mtoto."

"Si mtoto."

"Mtoto hatahesabiwa."

"Hatahesabiwa na Mwanahawa, hata mara moja. Kwa wengine siahidi."

"Basi komwe mzihesabu mpaka ziote." Kisha akauliza, kwa sauti tofauti kabisa, "Bwenini kule, watoto wanaitwa majina jioni?"

Nilisema sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na niliona halikumfaa.

Mwalimu Neema alilipokea jambo hili kwa moyo wote, na katika siku chache akalifanya bora kuliko nilivyolipeleka. Aliweka chungu mlangoni na kikapu pembeni yake. Komwe za darasa zima zililala kikapuni; kila aliyeingia alichukua moja akaidondosha chunguni, na mlio wake ukawa ndio salamu ya asubuhi. Komwe zilizobaki kikapuni zilikuwa za wasiokuja, kwa hiyo kutoa nako kulikuja kwenyewe, bila kuitwa. Kengele ikigonga, watoto walikizunguka chungu. "Hakijashiba!" walipiga kelele. "Zimebaki mbili!" Ndipo ugomvi ulipoanza juu ya nani hajafika, na aliyechelewa akitokea mbio getini alipokewa kwa shangwe za namna ambayo mimi sijawahi kupokewa mahali popote, hata siku ya kuniaga. Mahudhurio yaliongezeka. Hakuna mtoto aliyetaka komwe yake ibaki kikapuni.

Mwanahawa akawa mkuu wa chungu. Sauti ambayo mwaka mzima haikusikika sasa ilisikika mpaka ofisini.

"Wewe Juma, umedondosha mbili! Toa moja!"

"Moja ya mdogo wangu."

"Mdogo wako hajazaliwa."

"Atazaliwa."

"Akizaliwa aje na yake!"

Siku ya kipimo afisa elimu wa kata alifika mapema, mtu wa makamo, nadhifu, mwenye haraka, aliyekuwa na shule nyingine ya kumaliza siku hiyohiyo. Mimi na Mwalimu Neema tuliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa kwa sharti la kutosema. Wale waliokwisha kupimwa walikaa mbele, wakisubiri wenzao. Zamu ya Mwanahawa ilipofika alijibu ya machungwa, ya vikombe, na ya ndege, na nikamwona Mwalimu Neema akianza kupumua. Kisha afisa aligeuza ukurasa, akasoma swali kama lilivyoandikwa.

"Wahesabu wenzako waliokaa safu mbili za mbele. Niambie wako wangapi."

Mkono wa Mwanahawa ulikwenda nyuma ya mgongo. Mwalimu Neema alinishika mkono, akaubana mpaka pete yake ikaniumiza. Afisa alirudia swali, akatazama saa yake, akashusha kalamu kwenye karatasi. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kutamani kuvunja kanuni kama wakati ule.

Mtoto aligeuka, akaenda mlangoni. Nilidhani anatoka. Alichukua kikapu, akamiminia humo komwe za chunguni.

Alipita safu ya kwanza, akampa kila mtoto komwe moja mkononi, bila kutamka kitu. Akapita ya pili. Chini ya dawati la mwisho alipiga magoti, akanyoosha mkono humo, akainuka.

"Anafanya nini?" aliuliza afisa.

"Anajibu," nikasema. Kwa neno hilo moja nilivunja sharti, na ningelivunja tena.

Alirudi kwa njia ileile, akikusanya kila komwe katika pindo la sketi yake, akapiga magoti mbele ya afisa, akazipanga sakafuni kwa safu, akizigusa moja moja.

"Komwe kumi na nne."

"Sikuuliza komwe. Watoto wako wangapi?"

"Kila mmoja alishika yake. Hakuna aliyekosa, na hakuna iliyozidi." Alimtazama usoni. "Komwe ni kumi na nne."

Afisa alisimama, akanyoosha kalamu, akahesabu vichwa. "Ni kumi na tatu. Kakosea moja."

Mwanahawa alitazama tu chini ya dawati la mwisho. Hapo palitoka kichwa cha Juma, kisha mabega, kisha penseli aliyokuwa akiitafuta tangu swali la ndege.

"Nimeipata!" alitangaza.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu Neema alicheka na machozi yakimtoka. Afisa alisimama na kalamu yake hewani, akahesabu tena, midomo ikimchezacheza, akafika kumi na nne, na ndipo yule mtu wa haraka akaketi kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kidevuni, akacheka kuliko wote.

"Jicho langu limemruka," alisema.

"Mkono haujamruka," alijibu Mwanahawa.

Aliandika alichoandika, kisha akasahau shule nyingine kwa muda, akaomba mfuko wa kupapasa aliokuwa ameusikia. Nilimtahadharisha kwamba umewahi kumweka fundi cherehani bila kazi. Alisema sita. Zilikuwa saba.

Mwanahawa alipanda darasa la pili, na habari ya bwenini haikutajwa tena. Asubuhi ya kufungua shule nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa la pili nilipomwona Bi Mwanakombo akija njia ya mihogo, kikapu kikubwa kichwani, mjukuu wake akimtangulia kwa mbio. Alikitua mbele yangu kwa kishindo. Kilijaa komwe, zimeoshwa, zimeanikwa, zinang'aa.

"Za darasa la pili," alisema. "Mwanahawa kasema huko namba ni kubwa."

"Ahsante sana, bi mkubwa. Ziko ngapi?"

"Mimi nimeokota tu. Mwenye kuzihesabu ni huyo hapo."

Mwanahawa alikuwa ameshakaa chini, miguu ameinyoosha huku na huku ya kikapu, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. "Mwalimu," aliniambia bila kuinua kichwa, "usinisemeshe, nitapotea."